Umeruka Hapo

Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha nasi tumekaa dakani kwa Ami, huku Langoni, mjini Lamu, yeye kwenye upande wa kulia wa baraza, anaoupenda kwa sababu chokaa yake haijabanduka, nami upande wa pili, kitabu magotini. Punda wawili waliobebeshwa mchanga walikuwa wamepita punde na kutulazimisha kukunja miguu. Nilikuwa nimesoma kwa sauti kwa muda wa nusu saa hivi, nikijiona kuwa nasoma vyema, bila kukwama wala kumeza maneno, mpaka nikafika mahali ambapo mwanamke mmoja katika riwaya ile anaketi kitandani na kuanza kuchana bahasha.

Ami akainua mkono.

"Umeruka hapo."

Nilimwambia sijaruka.

"Yule mwanamke ulimwata nde ya mlango, yuwabisha hodi. Sasa yuko kitandani. Ni nani alomfungulia?"

Nikarudi kwenye ukurasa. Kati ya hodi na kitanda kulikuwa na aya nzima ya mistari 11, ambamo mtoto anafungua mlango, anamwambia mgeni kwamba mama hayupo, na mgeni anaingia hivyo hivyo bila kukaribishwa. Yote hayo nilikuwa nimeyapita. Jicho lilikuwa limeteremka mistari 11 na ulimi ukalifuata bila kuuliza, wala sauti yangu haikubadilika. Mimi niliyekuwa na kitabu mkononi na macho mawili mazima sikujua kwamba mlango haujafunguliwa. Aliyejua ni mzee asiyeona.

Niliisoma aya ile, tukaendelea. Yapata wiki 6 sasa, na bado nayasikia maneno yale mawili kila ninapofungua kitu cha kusoma.

## Kazi niliyojitwika

Ami alikuwa nahodha. Kwa miaka mingi alipeleka boriti Mombasa kwa jahazi, kisha akakaa nchi kavu na vitabu vyake. Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni ukija katikati, na ndiyo sababu hatukutambua mapema: alikuwa akisoma vizuri kilicho mbele yake huku akigongwa na punda wanaotokea ubavuni. Sisi tulimcheka. Tulipofika kwa daktari tuliambiwa kwamba mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki, na kwamba matone ya dawa ni ya kulinda kilichosalia tu. Kilichosalia leo ni mwanga na kivuli.

Miwani yake bado iko kidakani, juu ya vitabu. Hataki iondolewe.

Wanawe wako Mombasa na ng'ambo, mimi ndimi niliye karibu, basi aliposema anatamani mtu wa kumsomea nilijitolea kabla hajamaliza kusema. Nilidhani ninamfanyia hisani.

## Mkono wa mgeni

Usiku ule nilitafuta nyudhuru. Kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba herufi za kitabu kile ni ndogo, kwamba punda walinivuruga. Udhuru ulioniuma zaidi ni ule niliotaka kuutumia kama ngao: kwamba haiwezekani mimi nisijue kusoma, kwa kuwa nasoma kutwa. Kazi yangu ni ya mezani. Nasoma barua, ripoti, hesabu za watu wengine, na baina ya hizo nasoma ujumbe wa simu, vichwa vya habari, mabishano ya watu nisiowajua. Maneno yanayopita machoni pangu kwa siku moja pengine yangetosha kujaza kijitabu.

Kesho yake nilijitia mtihanini. Niliacha simu chumbani, nikakaa ukumbini na kitabu nilichokichagua mwenyewe na nilichokuwa nikikitamani, nikachukua kalamu ya risasi na kujiwekea sharti kwamba kila nitakapogundua kuwa akili imeondoka, nitie alama pambizoni. Ukurasa wa kwanza ulipata alama 2. Wa pili, alama 4. Katika ukurasa wa tatu mkono wangu wa kulia ulikwenda mfukoni kutafuta simu ambayo nilijua haipo, ukapapasa, ukarudi. Sikuutuma. Nilibaki nikiutazama kama mkono wa mgeni aliyeingia bila hodi.

Nikaanza kusoma juu ya kusoma, jambo ambalo mke wangu aliliona la kuchekesha.

Nilichokutana nacho kwanza kilinifariji. Jicho la kila msomaji, kumbe, ni la kuruka tangu asili. Wataalamu waliopima mwendo wake, akiwemo Keith Rayner wa Marekani aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi hiyo, walionyesha kwamba haliteremki mstarini kwa mtiririko mmoja, bali hutua mahali kwa muda wa kama robo ya sekunde, likaruka herufi 7 hadi 9 kwa wasomaji wa Kiingereza waliopimwa, likatua tena, na kwamba kila baada ya miruko kadhaa hurudi nyuma kukiangalia lilichokipita. Basi nilijiambia kwamba sote ni waruka mistari. Faraja hiyo ilidumu muda wa kikombe kimoja cha chai. Jicho la msomaji huruka herufi 7 na likikosea hurudi, na langu liliruka mistari 11 wala halikurudi. Kilichonitoka si uwezo wa kuona maneno. Kilichonitoka ni ile tabia ya kurudi.

Nilitaka sana kuilaumu simu, na kwa kiasi fulani bado nailaumu. Mwaka 2018 kuna watafiti waliojumlisha tafiti 54 zilizowahusu watu zaidi ya 170,000, wakaona kwamba kwa jumla watu huelewa zaidi wanachosoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, na pengo hupanuka msomaji anapobanwa na muda. Ila katika maandishi ya hadithi tupu pengo hilo halikuonekana. Nami niliyoiruka ilikuwa hadithi, tena ya karatasi, wala simu haikuwapo dakani alasiri ile. Ilikuwa imeshamaliza kazi yake zamani na kuniachia mwendo wake.

## Namba tamu

Atafutaye faida za kusoma hupewa namba upesi sana, na mimi nina udhaifu wa namba. Iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba dakika 6 za kusoma hupunguza msongo wa mawazo kwa asilimia 68. Huhusishwa na Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 2009. Niliifuata usiku mmoja, kutoka ukurasa mmoja wa intaneti hadi mwingine, zote zikinukuuana, na sikufika kwenye ripoti ambayo mtu anaweza kuisoma mwanzo hadi mwisho akaona ni watu wangapi waliopimwa na kwa njia gani. Nimeiacha. Inachekesha kidogo kwamba dai la kusifu kusoma limepokewa na watu wengi hivyo bila ya mtu kuuliza liliandikwa wapi.

Nyingine ina pa kusimama. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 12 watu 3,635 wa Marekani, wote wakiwa wamevuka umri wa miaka 50. Waliokuwa wakisoma vitabu waliishi zaidi ya wasiosoma vitabu, kwa tofauti ya kama miezi 23, hata baada ya kuzingatiwa elimu, mali na afya zao. Na kusoma magazeti na majarida hakukuwa na nguvu kama hiyo. Nilimpelekea Ami habari hizi kwa furaha, kama mtu aliyemnunulia mgonjwa machungwa.

Alifikiri kidogo.

"Na ule muda waloketi kusoma hivyo vitabu, wameutoa katika hesabu?"

Sikuwa na jibu. Baadaye niliona kwamba katika mzaha wake mlikuwa na swali la haki, maana kuwafuatilia watu kwa miaka 12 hakuwezi peke yake kuthibitisha kwamba kitabu ndicho kilichowaongezea siku. Huenda wenye siku nyingi ndio wenye utulivu wa kusoma. Nauheshimu zaidi utafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, kule Chicago, uliochapishwa mwaka 2013, kwa sababu watu wake 294 walipimwa kumbukumbu kila mwaka walipokuwa hai, na walipofariki bongo zao zikachunguzwa. Wale waliokuwa na mazoea ya kusoma, kuandika na shughuli nyingine za akili, kumbukumbu zao zilishuka polepole zaidi, hata yalipohesabiwa madhara ya maradhi yaliyokutwa ndani ya bongo hizo. Hilo ni jambo zito, na sikumwambia Ami habari ya kupasuliwa.

Lakini hata namba njema ziliniacha palepale. Hakuna hata moja iliyouliza kama wale waliosoma walikuwa wakiruka.

## Waliomwandika hajui kusoma

Jioni moja mvua ya kusi ilitufukuza dakani tukaingia ndani, na kwa kuwa taa za mtaa wetu zilikuwa zimekatika hatukuweza kusoma. Nilimwuliza alijifunza lini herufi za Kirumi. Nilijua jibu, au nilidhani najua.

Alisema kwamba alikuwa akisoma tangu umri wa miaka 6. Alisoma chuoni, alifu, be, te, kwenye ubao wa mbao, akakhitimu msahafu, kisha akawa anasoma tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyosoma babu zake. Mwaka 1979 serikali ilipoanzisha kampeni ya elimu ya watu wazima, alikuja kijana na daftari akapita nyumba kwa nyumba, na alipofika kwake akamwandika katika orodha ya wasiojua kusoma.

"Sikumbishia," alisema. "Nilitaka kuona wao wasoma nini."

Basi akaingia ngumbaru, jioni, katika miezi ambayo kusi ni kali na jahazi limefungwa. Mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Kwa wiki nzima ya mwanzo alikuwa akianza kila mstari upande wa kulia, kwa sababu mkono ulikwenda ulikozoea, na mwalimu akidhani ni mzito wa kufahamu, kumbe mwanafunzi wake alikuwa na maandishi mawili kichwani yakigombea ndia.

Hadithi hiyo ilinikumbusha jambo nililolisoma bila kulitia maanani. Kusema tunazaliwa na maandalizi yake, lakini kusoma hatuzaliwi nako; maandishi yana umri wa kama miaka 5,000 tu duniani, muda mfupi mno kwa ubongo kuwekewa chumba cha herufi. Kwa hiyo hupangisha. Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, waliwalinganisha watu wazima 63 wa Brazili na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza utotoni, na waliojifunza ukubwani kama Ami na wenzake wa ngumbaru. Waliona kwamba kuna sehemu ndogo upande wa kushoto wa ubongo, kuelekea nyuma, iliyokuwa ikishughulika na kutambua vitu vinavyoonekana, ambayo kwa msomaji hugeuka kuwa ya herufi, na kwamba hata kwa aliyejifunza akiwa mtu mzima hugeuka. Waliona pia kwamba kwa anayejua kusoma, sentensi iliyoandikwa huamsha karibu mitambo yote ya lugha ambayo kwa asiyejua huamshwa na sauti ya mtu tu.

Nililirudia hilo la mwisho mara mbili, kwa makusudi safari hii. Maana yake ni kwamba hata tusomapo kimya, kuna kunena ndani. Macho ya Ami yamefungwa, lakini alichokijenga kichwani kwa herufi za kwanza na za pili hakikubomoka pamoja na macho, kinangojea sauti. Ndiyo sababu aliona mlango usiofunguliwa. Yeye alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa natamka.

## Juzuu hairukwi

Sasa nifike pale panaponiwia vigumu.

Baba yangu alipofariki, miaka 3 iliyopita, mimi niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba kitabu ni mwenzi wa dhiki nilishindwa kusoma. Si kwamba sikutaka. Nilikuwa nikifungua kitabu nikasoma mstari mmoja, nikaurudia mara 8, na mara ya nane ukawa mgeni kuliko mara ya kwanza. Rafiki yangu mmoja aliniletea kitabu cha kumliwaza mtu aliyefiwa, nikakiweka chini ya mto kwa heshima yake, na kilikaa hapo miezi. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kwamba kusoma ni dawa ya huzuni, huwa nanyamaza. Huzuni ikiwa ya kweli, jambo la kwanza inaloweza kukunyang'anya ni hilo hilo la kukaa na ukurasa. Kumwambia mtu wa hali hiyo asome ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee kidogo ili apone, na kama huzuni imekaa mno, pa kumpeleka ni kwa mtaalamu, si dukani kwa vitabu.

Lakini wiki kadhaa zilizopita, nikirudi nyumbani baada ya isha, nilikumbuka kwamba katika miezi ile kuna kitu kimoja nilichokisoma.

Ilikuwa khitma ya baba, kisomo cha msahafu mzima kwa ajili ya marehemu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Likatolewa sanduku la juzuu, zile sehemu 30 za msahafu, zikagawanywa mkono kwa mkono, na mimi mtoto wa marehemu nikapewa moja kama mtu yeyote. Nani asiyejua mvumo ule, kila mtu akisoma pake, kwa sauti ya chini, huyu yuko mwanzo wa msahafu na yule karibu na mwisho, na hakuna anayemngojea mwenzake wala anayemwingilia. Mkono wangu ulitetemeka. Nikaanza, na nilijua kwamba siwezi kusoma, na nilisoma. Kando yangu alikaa mzee anayesoma polepole sana, kidole chini ya neno, na mwendo wake ukaanza kunivuta mpaka nikawa nakwenda kwa kidole chake. Ilipita kama saa, juzuu zikaanza kurudi sandukuni moja baada ya moja, na yangu ikarudi miongoni mwa za mwisho. Watu walikaa kimya wakiningojea, bila ya mtu kunitazama.

Usiku ule nililala.

Kwa miaka 3 nililichukulia jambo hilo kuwa la imani, na ni la imani, sitaki kuligeuza kuwa jingine. Lakini nikiwa njiani usiku ule wa karibuni niliona kwamba lilikuwa pia na kitu kingine ndani yake. Juzuu hairukwi. Ukiruka, khitma ina tundu, na wenzako 29 waliosoma zao kikamilifu wamesoma msahafu usiotimia kwa sababu yako. Nilikuwa siwezi kusoma kwa ajili yangu, nikaweza kusoma kwa kuwa kulikuwa na watu ambao kusoma kwao kulisimama juu ya kusoma kwangu. Nilisimama karibu na ukuta wa nyumba ya watu, nikampisha mwenye mkokoteni, na nikafikiri habari ya Ami na mlango wake.

Nikaona haya upya, lakini si haya ileile.

## Kusoma peke yako

Kuna wanaotoka hapo wakasema: basi turudi kusoma kwa pamoja, huko kwa peke yako ni desturi ya kigeni. Wana hoja nzuri. Katika Kiswahili cha kale kitabu chenyewe kiliitwa chuo, jina ambalo leo tumelipa mahali pa watu wengi kukaa na kusomeshwa, na utenzi wa Pate wa mwaka 1728 bado unajulikana kwa jina la Chuo cha Herekali. Tenzi zilikuwa za kusomwa zikasikilizwa. Hata leo, mtu akikaa barazani na kitabu peke yake hapiti mtu wa tatu bila kumwuliza kama anaumwa.

Sikubaliani nao moja kwa moja. Viko vitabu nilivyovisoma nikiwa kijana ambavyo nisingeweza kuvisoma mbele ya Ami, wala mbele ya baba, si kwa sababu vilikuwa vibaya bali kwa sababu vilisema mambo ambayo nilikuwa bado sijayasema hata kwa nafsi yangu. Faragha ile ilinilea. Nilikuwa nikienda Ngomeni, kwenye maktaba, katika jengo ambalo hadi mwaka 1984 lilikuwa jela, nikakaa pembeni mpaka wafunge; na kwa mji ambao kila mtu anamjua mwana wa nani ni nani, saa 2 za kutoulizwa chochote ni afya kubwa. Ninachoona sasa ni kwamba wakati ule nilikuwa nasoma peke yangu kama mtu aliyepewa juzuu. Sijui nilikuwa namsomea nani. Nilikuwa sivuki mpaka nimeelewa.

## Wazee wa Mkunguni

Mabadiliko kwangu ni madogo, na niyaseme kama yalivyo. Alama za pambizoni zimepungua. Juzi nilipata kurasa 9 bila alama, kisha jana kurasa 2 tu. Usiku nasoma karatasi badala ya simu, na naona usingizi unakuja mapema zaidi, jambo linaloafikiana na jaribio la Marekani la mwaka 2015 ambapo watu 12 waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa kama dakika 10 kuliko waliposoma kitabu. Watu 12 ni wachache, na mimi ni mmoja. Ninaposoma peke yangu natikisa midomo kama mtoto wa darasa la pili. Mke wangu ameacha kucheka.

Kwa Ami ni tofauti. Kabla ya haya alikuwa ameanza kulala mchana, na alikuwa ameacha kwenda kukaa na wenziwe pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa sababu, alivyosema, hajui tena ni nani anayemcheka na ni nani anayesinzia. Wiki ya tatu ya riwaya yetu nilimkuta amevaa kanzu na kofia, anataka kupelekwa. Nilidhani ni maziko. Kumbe anakwenda kusimulia. Wazee wale sasa wanaijua hadithi nzima kwa kinywa chake, sura kwa sura, na mmoja wao alinizuia ndiani akiwa na kikombe cha kahawa mkononi akaniuliza kwa ukali kwa nini jana hatukusoma, kwani yule mwanamke ameshikwa na barua ile na wao hawajui yaliyomo.

Basi aya ile ya mistari 11 nisingekuwa nimemwibia mtu mmoja tu.

## Kurasa zilizogandana

Juma lililopita tulikuwa tumebakiwa na sura mbili. Nilikuwa nasoma polepole, kwa kidole, kama mzee wa khitma, na nilikuwa na uhakika na kila neno. Nikageuza ukurasa, nikaendelea.

Ami akainua mkono.

"Umeruka hapo."

Safari hii nilikasirika. Nilimwambia, kwa adabu lakini kwa mkazo, kwamba sijaruka hata herufi. Akanyamaza, akangojea. Nikatazama namba za chini: 211, kisha 214. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu wa bahari, zikawa kama ukurasa mmoja mnene kidogo, na kidole changu hakikuhisi.

Nilileta kisu cha jikoni, tukazibandua taratibu, mimi nikiingiza ncha na yeye akishika pembe za karatasi kwa vidole vyake vya kamba na tanga, ambavyo vinaona kuliko vyangu. Zilitoka vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya ukurasa wa 212, ambapo mwana aliyepotea anafika nyumbani usiku, mdudu wa vitabu alikuwa ametoboa tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na limekula mwisho wa neno moja. Limebaki "alirud", kisha tundu, kisha sentensi inaendelea kana kwamba hapakutokea kitu.

Mimi nasema ni "alirudi". Ami anasema tundu ni pana mno kwa herufi moja, kwamba neno ni "alirudishwa", na kwamba kama alirudishwa basi yuko mtu gizani nde ya mlango ambaye hatujamwona. Nimemshikisha kidole juu ya tundu mara kadhaa. Wazee wa Mkunguni wamegawanyika. Sura ya mwisho hatujaianza.